Sura ya Sita: Picha Isiyo na Mwenyewe

"Mtu akiokota picha ya nyanya wa watu, akaikata kwa mkasi, akaibandika ubaoni na kuiita sanaa, hiyo si kukosa adabu?"

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, na sijui mahali linapoulizwa kwa ukali kama Lubao. Lubao ni soko kando ya barabara kuu ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, si mbali na msitu wa Kakamega. Kenya nzima inalijua kwa sababu ya mbwa: siku ya soko watu huja wakiwakokota kwa kamba, wanunuzi wakawazunguka, wakawafungua midomo, wakabishana bei. Pembeni kuna kuku, mahindi, sufuria na marundo ya mitumba. Kila kitu pale kina mwenyewe. Ukimkuta jogoo amefungwa miguu chini ya meza, jua mwenyewe hayuko mbali.

Picha ya mtu ni jambo jingine. Mpe mama anayeuza ndizi picha ya zamani, ya mwanamke aliyesimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti hicho. Hataulizia mwaka, wala mpiga picha. Atauliza: "Huyu ni wa kwa nani?" Anataka kujua boma alilotoka, alikoolewa, na watoto wake ni kina nani. Akikosa jibu ataigeuza aone kama kuna maandishi nyuma, kisha atakurudishia haraka, kama mtu asiyetaka kukutwa nayo.

Wapo wasanii ambao kazi yao yote imejengwa juu ya picha za namna hiyo, zile ambazo swali la mama wa ndizi limekosa wa kulijibu. Msimamo wangu nautoa mapema: mkasi hauna hatia. Ninachomdai msanii ni kama aliuliza swali la yule mama kabla ya kukata, na alifanya nini alipojibiwa au alipokosa jibu.

## Tayari tunakata

Fikiria wiki ya matanga. Mzee amefariki, mwili uko mochari mjini Kakamega, mazishi ni Jumamosi. Kamati inataka picha ya kuweka kwenye programu. Marehemu hakupenda kamera; picha pekee anayoonekana vizuri ni ya harusi ya mpwa wake, miaka thelathini iliyopita, amesimama safu ya nyuma katikati ya watu wanane. Kijana anatumwa nayo saiba. Pale inaskaniwa, mzee anakatwa mabegani, anaondolewa harusini, anavalishwa koti jeusi na tai ambayo hajawahi kuimiliki, na nyuma yake yanawekwa mawingu ya buluu. Kufikia Jumamosi picha hiyo iko kwenye bango langoni, kwenye jalada la programu, kwenye fulana za wajukuu na juu ya jeneza.

Hakuna anayelalamika. Hata mama aliyesimama kando yake siku ile ya harusi, ambaye kipande cha bega lake kimebaki pembeni kwa sababu fundi wa saiba alikuwa na haraka, halalamiki. Kila aliyeingia bomani anamjua mzee, na anajua koti lile ni la kompyuta. Uongo wa picha hauna madhara mahali ambapo kila mtu ana ukweli wake kichwani.

Tena desturi hii haikuletwa na kompyuta. Katika kisiwa cha Lamu, Omar Said Bakor aliendesha studio iliyopata sifa kwa picha alizounganisha mwenyewe kwa mkono, sura ya mteja ikitokea mahali ambapo mteja hakuwahi kusimama. Wateja walilipia ustadi huo. Walitaka kuonekana katika dunia ambayo kamera peke yake isingewapa.

Kwa hiyo mbinu za msanii zote tunazo nyumbani: kutafuta, kukata, kuhamisha, kubandika, kutundika. Tofauti ni moja, kwamba fundi wa saiba anajua jina la aliyemkata.

## Maneno mawili ya kazi

Kolaji ni kazi ya sanaa inayotengenezwa kwa kukata vipande vya karatasi, picha au kitambaa na kuvibandika pamoja mpaka vitoe kitu kipya. Kenya tulikuwa na bingwa wake. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akaishi miaka mingi kama mwalimu. Aliporudia sanaa alikuwa mtu mzima, na rangi za dukani zilikuwa ghali. Akakata pakiti za sabuni ya Rexona, mifuko ya unga na karatasi za magazeti, akatoa humo wanawake, kuku na ng'ombe ambao ukiwasogelea unaona bado wana herufi za kiwanda ubavuni. Kazi zake zilifika New York na Paris kabla Wakenya wengi hawajamsikia. Alifariki mwaka 2021.

Karuga alikata karatasi isiyo na mtu. Anayekata picha anakata karatasi yenye mtu ndani, na hapo ndipo mambo huwa magumu.

Neno la pili ni instalesheni. Hii ni kazi ya sanaa inayoshika chumba kizima au sehemu yake, ili mtazamaji aingie ndani ya kazi badala ya kuitazama kwa mbali. Vitu vinaning'inizwa, vinapangwa sakafuni, vinamulikwa taa, na mpangilio wenyewe ndio unaosema. Ukiona neno hili ni la kigeni mno, ingia sebule yoyote ya kizamani magharibi mwa Kenya. Picha zimetundikwa juu kabisa karibu na dari, zimeinama kidogo mbele, zinakutazama ukinywa chai: harusi, kipaimara, mahafali, kalenda ya mheshimiwa, na picha ya marehemu baba yenye maua ya plastiki. Mpangilio huo una sheria zake. Jaribu kuiondoa picha ya marehemu juu ya mlango uitundike karibu na choo, uone kama hutaitiwa kikao.

## Picha hupoteaje mwenyewe

Watu hudhani picha za kuokota zinatoka jaani tu. Njia ni nyingi, na karibu zote zinapita mlangoni kwetu:

- Studio hufungwa. Simu zenye kamera zilipoenea, studio za sokoni zilibaki na picha za pasipoti, kisha hata hizo zikapungua. Maboksi ya negativu, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutokana nazo, yakabaki kwa mwenye nyumba ya kupangisha.
- Mwenye sanduku hufa. Picha zake zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na majina yote alikuwa nayo yeye kichwani.
- Watu huhama ghafla. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu ya familia zilikimbia makwao katika Bonde la Ufa na magharibi. Anayekimbia hubeba mtoto na godoro. Albamu hubaki.
- Mapenzi huisha. Picha hupasuliwa katikati, nusu ikahifadhiwa. Hiyo nayo ni kolaji, ya hasira.
- Mchwa na unyevu. Mara nyingi uso hubaki unaonekana, yanayoliwa ni maandishi ya nyuma.

Picha hiyo ikifika mikononi mwa mgeni huwa kama koti la mitumba lenye jina la mtoto wa Ulaya limeshonwa kwenye kola: unajua fika lilikuwa la mtu, na unajua hutampata.

## Gulu: nguo, mikono, na tundu

Mfano wa kwanza nauchukua kaskazini mwa Uganda, kwa sababu fundi yeyote wa studio ya sokoni Lubao angeuelewa bila kuelezwa.

Mwaka 2011 Martina Bacigalupo, mpiga picha Mwitaliano aliyekuwa akiishi Bujumbura, aliingia Gulu Real Art Studio, studio ya siku nyingi mjini Gulu. Akakuta picha za watu waliokaa vizuri mbele ya pazia, mikono mapajani, viatu vimepangwa sawa, lakini mahali pa uso pana tundu la mraba. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa picha nne kwa mpigo, na mteja aliyehitaji moja hakutaka kulipia nne. Ilikuwa nafuu kumpiga picha kubwa ya kawaida, kukata uso kwa kifaa na kumpa, kisha mabaki yakatupwa pembeni. Koti moja, la studio, linaonekana kwenye miili ya watu wengi wasiofanana kimo wala unene. Waliokuja bila koti waliazimwa lile.

Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo. Yakawa kitabu na maonyesho mwaka 2013, picha zikipangwa kwa wingi ukutani, safu kwa safu. Chumba kizima cha watu wasio na nyuso, katika mji uliokuwa ukijikongoja kutoka kwenye vita vya miongo miwili. Wengi wao walikuwa wanatafuta kitambulisho cha mkopo, cha kazi, cha msaada. Alikwenda pia kuzungumza na wateja wa studio kuhusu sababu zilizowaleta, na bila hatua hiyo ningemlaumu.

Wapo wanaosema kazi hii haina tatizo kwa kuwa hakuna anayetambulika. Siwaafiki. Mgeni wa New York hawezi kumtambua mtu kwa sketi yake, kweli. Mama yake angemtambua kwa vidole. Picha isiyo na uso haijapoteza mwenyewe. Imempoteza kwetu sisi wa mbali tu. Nguvu ya kazi ya Gulu, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyekata hakuwa msanii. Mkasi ulikuwa wa umaskini na wa mashine, msanii akatuonyesha uliacha nini.

## Lubumbashi: wanaume waliorudishwa kazini

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, katika mji wa shaba ambao Kiswahili ni lugha ya mitaani. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioanzisha pale kituo cha sanaa, wakakiita Picha.

Kazi iliyomtambulisha ni mfululizo uitwao *Mémoire*, alioukamilisha mwaka 2006. Alipiga picha za rangi za migodi na viwanda vya Gécamines vikiwa magofu: mabati yaliyochanika, mashine zilizosimama, vilima vya takataka za madini. Kisha akatafuta picha nyeusi na nyeupe za enzi za kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo baada ya kutaifishwa ikaja kuitwa Gécamines. Humo kulikuwa na vibarua waliopangwa mstari ili wahesabiwe, na mabwana wa Kizungu waliovaa kofia nyeupe. Akawakata wote, vibarua na mabwana, akawasimamisha juu ya magofu ya leo.

Ukizitazama unapata kizunguzungu kidogo. Mtu wa zamani amesimama mbele ya kesho yake iliyobomoka. Wale waliohesabiwa kama vifaa sasa ndio wenye uhai pekee katika picha. Kampuni iliyowahesabu ndiyo imekuwa takataka nyuma yao.

Picha zile hazikuwa za familia, zilikuwa za kampuni, nazo zilipigwa bila kumuuliza mtu. Ndiyo sababu siulizi kama Baloji aliomba ruhusa kukata. Ruhusa iliyokosekana ni ya mwanzo, ya siku ile kamera ilipowekwa mbele ya watu wasioweza kukataa. Kukata hapa ni kumtoa mtu mahali alipobandikwa na mwingine.

Baadaye aliingia pia kwenye albamu ya mtu binafsi. Katika *Hunting & Collecting*, kazi iliyoonyeshwa Ostend, Ubelgiji, mwaka 2014, alichukua albamu ya afisa mmoja Mbelgiji aliyekuwa akiwinda Kongo miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanyama waliouawa, bunduki, wapagazi. Kando yake zikawekwa picha za Kivu ya siku zetu, ya vita na wakimbizi, alizoshirikiana kuzipata na mwanahabari Chrispin Mvano. Albamu ya ushujaa wa mwindaji ikageuka ushahidi dhidi yake.

Mwangola Délio Jasse amepita njia ya jirani. Katika soko la vitu vya mkono wa pili mjini Lisbon alinunua picha za familia za Wareno waliowahi kuishi makoloni. Kutokana na picha za namna hiyo akatengeneza *The Lost Chapter: Nampula, 1963*, iliyotoka mwaka 2016. Nampula iko kaskazini mwa Msumbiji, na familia ile inastarehe kana kwamba itakaa pale milele. Mwaka mmoja baada ya 1963 vita vya ukombozi vilianza.

*Kwa ufupi mpaka hapa: picha ya kuokota inaweza kuwa ya mnyonge au ya mwenye nguvu. Mkasi unaomtoa mnyonge mahali alipobandikwa haulingani na mkasi unaomkata mara ya pili.*

## Anayejua majina

Mfaransa Christian Boltanski, mwaka 1971, aliazima picha 150 za familia ya rafiki yake, akaziita *Album de photos de la famille D., 1939–1964*. Akajaribu kuzipanga kwa mfuatano wa miaka kwa kukisia tu, akazitundika ukutani safu kwa safu. Alichogundua ni kwamba hazikumwambia lolote kuhusu familia ile. Sikukuu, ufuo wa bahari, mtoto mchanga, harusi: albamu yoyote ingeweza kuwa hiyo. Ni kazi ya akili sana, nami inaniacha baridi. Jambo la "familia zote ni sawa" humjia kirahisi mtu ambaye familia yake ina albamu.

Msanii wa Afrika Kusini, Santu Mofokeng, aliyeishi kati ya 1956 na 2020, alielekea upande wa pili. Katika *The Black Photo Album / Look at Me: 1890–1950* alikwenda nyumba kwa nyumba kwa familia za Waafrika, akitafuta picha ambazo mababu zao walijitakia na kujilipia wenyewe studio: wanaume wa suti na fimbo, wanawake wa gauni refu, watoto wa soksi nyeupe. Nyingine zilikuwa zinaoza kwenye makopo na mabahasha. Akauliza majina. Akaandika aliyoyapata, na pale yalipokosekana akasema yamekosekana. Kisha akazirusha ukutani kama slaidi katika chumba chenye giza, picha moja moja, zikipishana na maandishi yenye maswali: watu hawa walikuwa kina nani, walitaka nini, nani alikuwa akiwatazama?

Mofokeng hakukata sana. Alisafisha, akakuza, akapanga. Lakini ndiye ninayempa alama za juu kuliko wote katika sura hii, kwa sababu alifanya kazi ya yule mama wa ndizi kabla ya kufanya kazi ya msanii. Na giza la chumba chake lilifanya kitu ambacho kitabu hakiwezi: sura ikitoweka hujui kama itarudi, unabaki umekaa na jina lake.

## Sheria inasemaje

Tupite hapa upesi, maana sheria hujibu sehemu ndogo ya swali.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi. Si maneno matupu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ila sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya walio hai.

Kuna pia hakimiliki, yaani haki ya kuamua nani anakili kazi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, ule wa baadaye. Na ambacho wenye studio hawapendi kusikia: kazi iliyoagizwa na kulipiwa na mteja huhesabiwa kuwa ya mteja, isipokuwa walikubaliana vingine. Picha ya 1968 iliyobaki sandukuni ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2018. Kisheria unaweza kuikata kesho asubuhi. Mjukuu wa aliye pichani anaweza kukukuta sokoni mchana.

## Ukitaka kuifanya Lubao

Vijana wengi wamemaliza kozi za sanaa na hawana pesa za rangi, kama Karuga. Picha za zamani ziko, na kazi hii inawezekana. Ningeanza na studio iliyofungwa, kwa makubaliano ya maandishi na familia ya mpiga picha kuhusu nani atakaa na negativu. Usinunue boksi kwa bei ya kutupa na kuondoka nalo. Boksi likifika Nairobi, waliomo hawana tena njia ya kupatikana.

Skani kwanza. Simu nzuri inatosha, kivulini, picha ikiwa imelala bapa bila mwanga wa kung'aa juu yake. Chapisha nakala kubwa, uzitundike kwa vibanio vya nguo kwenye kamba sokoni, siku ambayo watu wanatoka vijiji vyote. Hiyo tayari ni instalesheni, tena yenye watazamaji wengi kuliko jumba lolote la sanaa. Weka daftari na mtu mzima wa kukaa nalo, anayejua koo za Isukha na Kabras. Kuna watakaotambuliwa kabla ya saa sita. Wengine itachukua soko la pili na la tatu, mpaka aje kukhu fulani, yaani nyanya, ambaye huwa hatoki nyumbani. Anayepata mtu wake apewe nakala bila malipo, na aulizwe kama mtu wake anaweza kubaki kwenye kazi. Akikataa, mtoe, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Waliobaki bila jina ndio wa kolaji. Kata nakala, usikate picha yenyewe. Nyuma ya picha yenyewe andika ulikoipata na mwaka, kwa penseli laini, pembeni. Picha zilizochapishwa miaka ya karibuni zina tabaka la plastiki na hazishiki penseli. Hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, na uandike juu ya bahasha kabla ya kuitia picha ndani, ili kalamu isiache alama usoni mwa mtu.